Kamera ya Mfukoni: Majibu kwa Wasomaji wa Moshi, Lamu na Maskati

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Moshi. Mwezi wa Disemba nitawapeleka wajukuu wangu Ngorongoro, na simu yangu haivuti vizuri; kila mnyama aliye mbali hutoka kama doa. Sitaki kamera kubwa ya kuning'iniza shingoni. Muuzaji mmoja amenishauri nichukue kamera ndogo yenye megapikseli nyingi kuliko zote dukani mwake. Je, nimsikilize?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Naomba hesabu ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazoiunda picha, uiweke kando kwanza, kwa kuwa yenyewe haitoshi kukuambia picha itatoka safi au itatoka na ukungu. Vinavyoamua zaidi ni vitu viwili: lenzi, na kihisi, yaani kile kibao kilichomo ndani ya kamera ambacho siku hizi hupokea mwanga mahali pa filamu. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina kihisi chenye upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.6, kidogo kuliko punje ya hindi, ilhali zile zilizo bora zaidi hutumia kihisi kinachoitwa cha inchi 1, ambacho vipimo vyake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukizidisha utaona kwamba eneo la hiki cha pili ni takribani mara 4 ya kile cha kwanza. Mchana wa jua kali huenda usione tofauti kubwa, lakini jua likianza kuzama picha ya kihisi kidogo hujaa chengachenga, na megapikseli zilizorundikwa juu ya punje ya hindi haziwezi kuiokoa.

Sasa tuje kwenye safari yako. Kule chini kreta magari hayaruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo faru akiwa mbali atabaki mbali, na lenzi ndiyo itakayomsogeza. Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, ina kihisi cha inchi 1, ina uzito wa gramu 240 na lenzi inayofunguka hadi f/1.8 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la lenzi huwa kubwa na mwanga huingia mwingi), nami ningekushauri uichukue bila kusita kama kazi yake ingekuwa kuwapiga wajukuu picha mezani wakati wa chakula cha jioni. Ila lenzi yake huishia milimita 100 (milimita za lenzi zikiongezeka, kilicho mbali husogea zaidi), na faru atabaki kuwa doa lilelile. Ricoh GR III, ambayo wapiga picha wa mitaani huipenda sana, haina lenzi ya kuvuta kabisa. Kwa ajili yako ningechagua Panasonic TZ200 ya mwaka 2018, yenye kihisi cha inchi 1 na lenzi inayoanzia milimita 24 hadi 360, yaani uvutaji wa mara 15, nayo huingia katika mfuko wa koti. Gharama yake ni kwamba ukivuta hadi mwisho tundu la lenzi hubana hadi f/6.4, hivyo jioni utalazimika kuvuta kidogo tu. Uvutaji wa kidijitali uzime kabisa, maana huo hukata tu kipande cha picha na kukikuza.

Ukiinunua ikiwa imekwisha kutumika, iwashe na kuizima mara kadhaa ukisikiliza kama lenzi inatoka na kurudi bila kukwaruza, kisha weka tundu kwenye f/8 na upige picha ya ukuta mweupe: madoa meusi yatakayojitokeza palepale kila unapopiga ni vumbi lililokwisha kuingia ndani, na kulitoa ni kazi ya fundi. Mkiwa ndani ya gari, mwombe dereva azime injini, weka kifuko cha kilo moja ya mchele juu ya ukingo wa dirisha na uilaze kamera hapo. Wakati wa kuteremka kretani ifunge mkobani, kwa sababu lenzi za namna hii, kila zinapochomoza na kurudi, huvuta vumbi pamoja nazo.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimenunua kamera ndogo hapa Lamu ili nimpige babu yangu picha za kuweka nyumbani. Akivaa kanzu nyeupe, uso wake hutoka mweusi tititi na kanzu yenyewe huwa ya kijivu. Je, nimeuziwa kamera mbovu?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kamera yako ni nzima. Imetengenezwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina mwangaza wa wastani. Ikikutana na kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa huona mwanga umezidi, ikaupunguza, na anayeumia ni babu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kisha usogeze kipimo hadi +0.7 au +1. Hiyo +1 ina maana kwamba mwanga utakaoingia ni mara 2 ya ule uliochaguliwa na kamera. Siku utakayompiga bibi akiwa ndani ya buibui jeusi lililojaza picha nzima, fanya kinyume chake, usogeze upande wa kutoa.

Jambo hili linanigusa, kwa sababu nimeona albamu nyingi za familia ambamo kanzu imeonekana hadi mshono wake, na mzee mwenyewe amebaki kivuli kisicho na macho. Kama huwezi kuvipata vyote viwili, upate uso na uiache kanzu iungue, yaani iwe nyeupe mno hadi mshono usionekane.

Kinachosaidia kuliko kitufe ni mahali utakapomweka. Jua la saa saba mchana humulika paji la uso na kuyageuza macho kuwa mashimo. Subiri saa kumi, umkalishe barazani kivulini, uso wake ukielekea upande wa pili wa njia, ambako jua linapiga ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta ule utamrudishia babu mwanga laini unaoingia hadi ndani ya mikunjo ya macho, na hakuna flashi ya kamera ndogo iwezayo kuufikia. Flashi izime. Rudi nyuma hatua mbili tatu na uvute lenzi hadi milimita 70 au zaidi, kwa kuwa ukimsogelea na lenzi pana pua hukua na masikio hurudi nyuma. Kisha mpe kikombe cha kahawa, umwulize habari za majahazi ya zamani, nawe upige anapojibu.

SWALI: Mimi ni mama ninayeishi Maskati. Kila nikitoka nyumbani na kamera kiangazi, lenzi huingia ukungu na picha za kwanza zote huharibika. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kamera iliyolala kwenye kiyoyozi hutoka ikiwa baridi, na hewa ya nje yenye joto na unyevu ikiigusa hutoa matone, kama yale yanayojitokeza juu ya chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado ndani, toka nayo, na usiufungue mfuko kwa nusu saa hivi, hadi kamera ipate joto la nje. Matone yatatua juu ya plastiki. Ukungu ukiwa umekwisha kuingia, usiifute lenzi kwa ncha ya shela wala usifungue mlango wa betri na kadi. Iache ikauke yenyewe kivulini.