Mionzi ya kizazi imeisha, nyonga bado inakumbuka

Aliyemaliza mionzi ya saratani ya mji wa mimba huambiwa arudi kliniki baada ya miezi mitatu, akapewa kadi, basi. Shida nyingi huja baadaye, mwaka wa pili, wa tano, hata wa kumi na tano, na mara nyingi anayezipokea ni daktari wa wilaya ambaye hajui kuwa nyonga hiyo iliwahi kupigwa mionzi. Ndiyo maana tunaanza na karatasi.

Kabla hujaondoka hospitalini, iwe Ocean Road, Bugando au Kenyatta, omba muhtasari wa matibabu. Uoneshe tarehe ya kuanza na kumaliza. Mionzi ya nje ilikuwa grei ngapi, yaani kipimo cha dozi ya mionzi (kwa kawaida 45 hadi 50, zikigawanywa kwa siku 23 hadi 28). Kama uliwekewa mionzi ya ndani ya uke, mara ngapi na grei ngapi. Na majibu ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa kupimwa) pamoja na hatua ya ugonjwa. Ipige picha kwa simu na umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Faili hupotea.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3. Kwa hiyo kliniki huwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Tone lolote la damu ukeni likaguliwe wiki hiyohiyo, hata kama unadhani ni ukavu tu. Usidai kipimo cha Pap, kile cha kukwangua seli, kila mara: mionzi hubadilisha sura ya seli, majibu yakakutisha bure. Macho na mkono wa daktari ndivyo vinavyogundua.

Je, mionzi huongeza umri? Uholanzi walifuatilia wanawake 714 wa hatua ya kwanza waliotibiwa miaka ya 1990. Baada ya miaka 15, ugonjwa ulikuwa umerudi ukeni au nyongani kwa karibu 6 kati ya 100 waliopata mionzi ya nje, na 15 hadi 16 kati ya 100 ambao hawakuipata. Lakini waliopata mionzi hawakuishi zaidi, na walisumbuliwa zaidi na mkojo na choo. Ndiyo maana siku hizi wengi wa hatua hiyo wanaohitaji mionzi hupewa ya ndani peke yake. Norway nako, kwa waliotibiwa kati ya 1968 na 1974, waliopata mionzi ya nje wakiwa chini ya miaka 60 walipata saratani nyingine zaidi baadaye. Mashine za wakati ule si za leo, ila aliyetibiwa akiwa na miaka 45 asiache kuangaliwa eti miaka 5 imepita.

Sasa uke, ambao watu huuonea haya. Mionzi huacha makovu, kuta zikaanza kushikana. Hili si suala la tendo la ndoa peke yake: uke ukifunga, daktari hawezi kuona kilichojificha juu. Anza kuupanua kama wiki 4 baada ya mionzi, daktari akisharidhika kuwa umepona. Lala chali, magoti juu. Chukua kipanuzi, kifaa laini kinachoingizwa ukeni, ukipake jeli ya kulainisha yenye maji (vaselini hapana), anza na kidogo kabisa, sukuma taratibu mpaka uhisi ukinzani, siyo maumivu. Kiache dakika 5 hadi 10 huku ukikizungusha polepole, kisha kioshe kwa maji ya moto na sabuni. Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa wiki, kwa miaka, siyo miezi. Vipanuzi ni adimu huku kwetu. Kidole safi chenye kucha fupi, au tendo la ndoa lenyewe, hufanya kazi ileile. Madoa ya waridi ni kawaida. Damu nyekundu inayotiririka siyo.

Choo chenye damu usikiite bawasiri kwa kubahatisha. Mionzi huotesha vishipa vyembamba kwenye njia ya haja kubwa, navyo hupasuka kirahisi. Kipimo cha kamera kinafaa, lakini mwambie daktari kabla hajaanza: "Nilipigwa mionzi ya nyonga." Ukuta wa mbele wa njia hiyo umepakana na uke na ndio uliokula dozi kubwa, ukikatwa kinyama bila sababu nzito, kidonda kinaweza kugoma kupona kikatoboka, na hiyo ni fistula, tundu linalounganisha njia hiyo na uke. Kuhara kusikoisha nako kuna sababu zake: mara nyingi utumbo umeshindwa kufyonza nyongo, na kuna dawa ya hilo, kolestiramini. Mwisho wa utumbo mwembamba ndio pia unaofyonza vitamini B12, basi ipimwe kila mwaka.

Mkojo wenye damu uoteshwe maabara, kuona kama kuna vijidudu, kabla ya antibiotiki. Wengi hunywa dozi tatu za "yutiai" (maambukizi ya njia ya mkojo) ambayo haikuwepo. Ukitoka kanda ya ziwa, pima na kichocho. Vyote vikiwa safi, kibofu kitazamwe kwa kamera.

Maumivu ya ghafla juu ya makalio, yanayozidi ukisimama, yanaweza kuwa mfupa uliopata ufa kwa udhaifu wa mionzi. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni, na wapo walioambiwa saratani imesambaa kumbe ni ufa tu. Omba kipimo cha MRI, picha ya sumaku, kabla ya kukubali hukumu hiyo.

Kama ulitolewa tezi za nyonga, maji ya mwili yanaweza kukwama mguuni, basi tazama miguu: kiatu cha upande mmoja kikianza kubana, usingoje mguu ujae.

Na kinachowaua wengi waliopona saratani hii ni moyo. Unene, presha na kisukari vilikuwepo kabla ya uvimbe, na havikuondoka na kizazi. Siku ya kliniki ya saratani, presha na sukari vipimwe pia, na dawa ya presha usiikate kwa kuwa leo mashine imesoma vizuri.