Ukijua uko ndotoni, shika kitu

Alfajiri ya Jumapili iliyopita nilikaa barazani na bibi yangu, yeye akisuka ukili, nami nikijua fika kwamba naota. Bibi alifariki miaka sita iliyopita. Nilikaa mpaka nikamuuliza nililotaka kumuuliza. Jibu lake nimelihifadhi.

Miaka miwili nzima nilikuwa naharibu. Nikitambua tu kwamba ni ndoto, moyo unanipaa, nataka niruke hadi juu ya minazi, na yote yanafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Najikuta naangalia chandarua. Siku moja nilimwona bibi mlangoni, nikaita kwa sauti, nikamkimbilia. Niliamka kabla sijamfikia, nikalia. Mtu niliyemsimulia alicheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Wanaocheka wajue kwamba mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alinasa kwenye mashine ishara za macho za Alan Worsley, kushoto kulia, kama walivyokubaliana, na Worsley yuko usingizini, akijua anaota. Sijidanganyi.

Kilichoniokoa ni viganja. Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto wa Chuo Kikuu cha Stanford, alifundisha watu kusugua mikono humo humo ndotoni, au kuzunguka kama pia, pale ndoto inapoanza kupotea. Mawazo yakishikwa na mwili wa ndotoni, mwili uliolala kitandani hausikiki. Kuzunguka kwangu hakufai, maana hunitupa mahali pengine kabisa, na mimi nataka baraza ile ile. Kwa hiyo nasugua, halafu nashika kitu: ukuta, mkeka, mchanga. Na sikodolei kitu kimoja muda mrefu.

Muda nao ni muhimu. Usingizi wa ndoto hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana naamka saa kumi, nakunywa maji, narudi kulala nikijiambia nitatambua.

Ndugu zangu, acheni pupa. Mnaingia humo mnataka kila kitu dakika ya kwanza! Tulieni kwanza. Shikeni kitu. Furaha iwe baadaye.

Jumapili sikumkimbilia. Nilisugua viganja, nikaketi, nikashika ncha ya ukili mpaka nikausikia ukali wa miyaa kidoleni. Ndoto ilipofifia, sikufumbua macho wala kujigeuza kitandani. Nilisikilizia kidole tu, na baraza ikarudi. Ukili ulikuwa umeongezeka kama shubiri mbili.