Kwa anayeanza kazi ya kuhamisha samani kwenye biashara ya familia

Ukiingia kwenye kazi hii utaanza kwa kubeba, hata kama mwenye lori ni baba yako. Kubeba hakuchukui muda kujifunza: piga magoti, nyoosha mgongo, mzigo uwe karibu na kifua, na kwenye ngazi mwenye nguvu zaidi akae upande wa chini. Kinachochukua muda ni kujua kukabidhiwa vitu vya watu.

Tafadhali ijue historia ya kazi hii, maana inafundisha. Kule Uingereza ukoo wa Pickford ulisafirisha mizigo tangu karne ya 17, kwa migongo ya farasi, kisha kwa magari ya kukokotwa na mashua za mifereji. Ilipofika 1817 biashara ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wakaingia wabia wasio wa ukoo, akiwemo Joseph Baxendale, naye ndiye aliyeinyanyua. Jina la Pickfords lingali kwenye malori ya kuhamisha samani hadi leo. Kwa maoni yangu familia nyingi hukwama kwa sababu ndugu hawawajibishani: mjomba anachukua hela ya mafuta bila kuandika, mpwa anachelewa na hakuna wa kumkemea. Wewe kijana wa nyumbani, pokea mshahara kwa kusaini kama wapakiaji wengine, tena mbele yao.

Mwaka 1874 ghala la London lililoitwa Pantechnicon, ambako watu wenye uwezo walihifadhi samani na michoro yao, liliteketea. Lilikuwa limesifiwa kwamba halishiki moto, na wengi hawakuwa wamekata bima. Kwa hiyo usimwambie mteja kamwe, "Usiwe na wasiwasi, hakitatokea kitu." Mwambie bima inalipa nini na hailipi nini, kabla hajakupa funguo.

Halafu orodha. Hapa ndipo heshima ya familia inapojengwa au kubomoka. Kabla ya kugusa chochote, zunguka nyumba nzima pamoja na mwenyewe, ukiandika. Usiandike "kabati moja". Andika: kabati la mbao, milango miwili, mkwaruzo upande wa kushoto chini ya bawaba ya juu, kioo kizima. Piga picha, mwoneshe, asaini. Wapo watakaonuna kwamba unawachelewesha, wavumilie.

Ukifungua kitanda, bolti zake zote zitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye ubao wa kitanda hichohicho, si mfukoni mwako. Sahani zipange kwa kusimama, si kulala. Vitabu viingie kwenye maboksi madogo, la sivyo kitako kitafumuka. Friji isafiri wima; ikilazimika kulazwa, mwambie mteja aiache imesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Vizito vikae chini, kuelekea kichwa cha lori, na vitanda viingie mwisho ili vitoke kwanza, kwa sababu usiku ukiingia watoto watataka kulala.

Mkifika, shusheni kwa orodha ileile, chumba baada ya chumba, na mteja asaini kabla lori halijaondoka. Kama mguu wa meza umevunjika njiani, mwambie kabla hajauona, uandike hapohapo kwenye orodha, kisha mpigie simu mkubwa wako, mteja akiwa anasikia.