Njiti 12 kwa somo la pembetatu

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa hisabati darasa la sita mwaka huu, somo la pembetatu linavutia kulimaliza haraka: unachora tatu ubaoni, unaandika majina, watoto wananakili. Nakusihi usifanye hivyo. Mtoto aliyenakili huitambua pembetatu kwa sura yake, na sura hudanganya. Chukua pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili sawa, ilaze juu ya mojawapo ya pande zake ndefu, uone wangapi watakaosema si yenyewe tena.

Nunua kiberiti, uvunje vichwa vya njiti kabla ya kuingia darasani. Kila kundi lipe njiti 12 na kazi moja: tumieni zote, msikate hata moja, tengenezeni kila pembetatu inayowezekana. Huku kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, makundi hubishana kwa Kilugbara na Kiswahili, na mimi huwaacha. Kiingereza cha kitabu kitakuja wakati wa kuandika.

Idadi hiyo ina sababu. Njiti 12 zinatoa pembetatu tatu tu, na kila moja ni ya aina yake: 4-4-4 yenye pande zote sawa, 5-5-2 ambayo ni pacha, na 3-4-5 ambayo hakuna upande unaolingana na mwingine. Ukiwapa 10 watapata 4-4-2 na 4-3-3, pacha zote mbili, na somo litakwama.

Kuna watakaojaribu 6-3-3. Itawalalia chini kama mstari. Wengine watajaribu 7-3-2, na ncha hazitakutana kabisa. Kaa hapo, hata kipindi kizima kikiisha, maana hili ndilo lenye uzito kuliko majina yote: pande mbili zozote zikijumlishwa lazima zizidi ule wa tatu. Kwa njiti 12, hakuna upande unaoweza kufika 6. Waulize kwa nini, na usiwajibie.

Mwanafunzi makini atakuuliza kama yenye pande tatu sawa nayo ni pacha. Swali hilo ni la heshima. Euclid, yapata mwaka 300 KK, alisema pacha ina pande mbili tu zilizo sawa. Wanahisabati wa leo wengi husema angalau mbili, kwa hiyo 4-4-4 nayo imo. Mimi nafuata hao wa leo, ila kwenye daftari nadai jina lililo mahususi zaidi.

Halafu wafundishe kuamini vistari vidogo vinavyochorwa katikati ya pande zilizo sawa, wasiamini jicho. Michoro ya mitihani haichorwi kwa vipimo kamili, na mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, anapaswa kulijua hilo mapema.

La mwisho linakuhusu wewe unayetunga maswali. Tuseme umeandika pembetatu pacha yenye pande sawa x + 3 na 2x − 1, na kitako cha sentimeta 16. Mtoto atapata x = 4, nawe utampa alama zote. Lakini pande hizo ni 7 na 7, jumla 14, haifiki 16. Pembetatu hiyo haipo. Piga hesabu ya upande wa tatu kabla swali halijafika kwa watoto. Hapo ukiweka 10 badala ya 16, swali linasimama.