Usiwafiche nyumbani mshahara wako

Vijana wa Tanga hunipigia simu kuuliza habari za kazi Oman. Nilikaa Muscat miaka sita nikiwa fundi viyoyozi, na wengi hushangaa ninapoanza na hili: kabla hujapanda ndege, kaa na wazee wako uwaambie utalipwa kiasi gani na kitakachobaki ni kiasi gani.

Mimi sikufanya hivyo. Mkataba wangu ulikuwa wa riali 180 kwa mwezi. Riali moja ni kama dola 2.60, basi nyumbani wakapiga hesabu ya shilingi, ikavuka milioni, na tangu siku ile nikawa tajiri wa ukoo. Hakuna aliyeondoa kwenye hesabu hiyo chakula, vocha wala deni la tiketi. Nami nikanyamaza, kwa sababu ile sifa ilikuwa tamu. Nilikuwa natuma riali 120 kila mwezi. Ikifika tarehe 15, chakula changu ni mkate na chai ya karak, na asubuhi napanda mapaa ya Ruwi, mtaa wa Muscat, kujaza gesi ya viyoyozi. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani tangu saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30, lakini hata saa 4 asubuhi bati la kiyoyozi linaunguza kiganja. Siku moja nikashikwa na kizunguzungu huko juu, wenzangu wakaniteremsha. Jioni, nikiwa dukani, baba akapiga, anataka bati za banda la ng'ombe. Nikamwambia sawa, zitakuja.

Bibi mmoja alikuwa nyuma yangu, amenisikia. "We mtoto wa wapi?" Kiswahili cha Unguja kabisa! Muscat wamejaa watu wa namna yake, familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Alinichukua kwake, akanipakulia wali wa nazi, na nilipomaliza sahani ya pili akaniuliza, "Mama yako anajua unavyoishi huku?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nikaandika kwenye karatasi: chakula 35, vocha na dawa 8, deni 30, akiba 27, nyumbani 80. Nikaipiga picha, nikamtumia mama. Akaisoma, kimya. Kesho yake ndipo akapiga: "Mwanangu, kumbe hizo thelathini na tano ndizo unazokula mwezi mzima?" Baba alisubiri bati hadi mwaka uliofuata. Ami yangu mmoja alininunia, na bado amenuna. Inaniuma, lakini ningeifanya tena.

Faida zipo, tena kubwa. Kule nilijifunza mitambo mikubwa ya kupoozea majengo, ambayo hapa nilikuwa naisikia tu, na ndiyo inayonilisha leo. Na yule bibi kila Idi ananipigia kuuliza hali.

Pasipoti kaa nayo mwenyewe. Sheria ya Oman haimruhusu mwajiri kuishika bila idhini yako ya maandishi. Picha ya mkataba iache kwa mtu wa nyumbani.

Kijana wa Pongwe aliyenipigia juzi nimemwambia aandike karatasi yake kwanza, aisome mbele ya baba yake, ndipo tuzungumze habari za viza.