Maswali ya Wasomaji: Gobore, Baruti Nyeusi na Ndoo ya Maji

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, na sasa ninaishi Lancaster katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, ameniuzia bunduki yake kuukuu ya kushindilia kwa mdomo, yenye mtutu wa upana wa nusu inchi na inayowashwa kwa fataki, yaani kile kikofia kidogo chenye kilipuzi kinachogongwa na nyundo. Alinifundisha kwa muda wa nusu saa, nikapiga risasi kama kumi, nikafurahi sana. Nilipofika nyumbani niliupangusa mtutu kwa kitambaa kikavu, nikaupaka mafuta ya injini, nikaifungia bunduki kabatini. Baada ya majuma mawili nimekuta kutu nyekundu ndani, na kitambaa kinakwama njiani. Je, nimekwisha kuiharibu? Tena nitashukuru ukinieleza upya utaratibu wa kushindilia, kwa kuwa mzee wangu huongea haraka na mengine hunipita. — Msomaji, Lancaster

JIBU: Ndugu yangu, hujaiharibu, ila umeikosea mara mbili: kwanza kwa kuipangusa kavu, pili kwa kuipaka mafuta kabla ya kuiosha. Ndiyo, gobore huoshwa, tena kwa maji, na najua kwamba aliyezoea bunduki za kisasa akisikia hivyo hudhani anataniwa.

Baruti nyeusi hutengenezwa kwa shura, makaa na kiberiti (salfa), na inapoungua haigeuki yote kuwa gesi kama ifanyavyo baruti ya kisasa isiyo na moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu, ambavyo sehemu yake hutoka mdomoni katika lile wingu jeupe ulilolipenda, na sehemu nyingine huganda ndani ya mtutu kama masizi yaliyochanganyika na chumvichumvi. Chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaoamsha kutu, wakati mwingine usiku uleule. Mafuta hayaziyeyushi hata kidogo. Ulipopaka ya injini ulizifunika tu pamoja na unyevu wake, na mafuta ya namna hiyo yakikutana na masizi ya baruti hufanya utando mzito kama lami. Huo ndio unaokukwamishia kitambaa. Maji, kwa upande wake, huziyeyusha chumvi hizo mara moja.

Basi fanya hivi. Hakikisha kwanza kwamba bunduki ni tupu, kwa kuudondosha mdeki, yaani ufito wa kushindilia, polepole hadi chini: mtutu mtupu hulia mlio mkali wa chuma, na ulioshindiliwa hutoa kishindo kizito kilichozibwa. Bunduki nyingi za aina yako zina mtutu unaotoka. Inua nyundo isiuzuie, chomoa kabari ya chuma iliyopita katikati ya mti wa bunduki, kisha nyanyua upande wa mdomo, nao utanasuka kwenye ndoano yake ya nyuma. Fungua kifa, yaani kile kijidude kinachovishwa fataki, kwa ufunguo wake. Tumbukiza upande wa nyuma wa mtutu ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, viringisha kitambaa kilicholowa kwenye ncha ya mdeki, kisha pandisha na kushusha kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli. Ukivuta, maji hupanda ndani kupitia tundu la kifa. Ukisukuma, hurudi ndooni. Maji ya kwanza yatakuwa meusi kama wino na yatanuka yai viza. Harufu hiyo ni ya kiberiti na isikutie wasiwasi, ingawa wa nyumbani kwako huenda wakaomba kazi hiyo ihamie nje.

Badilisha maji, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, suuza kwa maji safi, kisha kausha kwa vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho kitoke kikavu kabisa. Wapo wakongwe wanaotumia maji yanayochemka kwa sababu chuma kikipata moto hujikausha chenyewe, lakini mimi nimeyaacha, kwa kuwa mara nyingi yaliniachia utando mwembamba wa kutu kabla sijafika kwenye chupa ya mafuta. Ni baada ya kukausha ndipo mafuta ya bunduki yapakwe, kidogo tu. Kifa, nyundo na mahali panapozunguka kifa visuguliwe kwa mswaki wa zamani. Kesho yake pitisha tena kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, futa na upake upya.

Kwa kutu uliyonayo sasa, osha kwanza kwa maji ya sabuni pamoja na brashi ya shaba hadi ile lami iishe, kisha sugua kwa mafuta na brashi hiyohiyo bila papara. Vishimo vidogo vikibaki, bunduki bado itapiga vizuri, ila itakuwa inashika masizi zaidi na itahitaji kupanguswa mara nyingi. Vikiwa virefu kiasi cha kuchana kitambaa, mpelekee fundi wa bunduki auangalie mtutu kabla hujapiga tena. Uko Lancaster, mji ambao katika karne ya 18 mafundi wenye asili ya Ujerumani waliunda zile bunduki ndefu zenye mifereji ndani ya mtutu zilizokuja kuwa na sifa Marekani nzima, kwa hiyo fundi wa kazi hii hutamkosa.

Sasa kushindilia. Vaa miwani ya kukinga macho na viziba masikio, kisha futa mafuta yote yaliyomo mtutuni, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye baruti hupati mlipuko. Vika fataki kwenye kifa, elekeza mdomo mtupu wa bunduki kwenye jani la nyasi lililo karibu, katika upande wa shabaha, ufyatue. Jani likitikisika, njia ya moto i wazi; likitulia, kifa kimeziba. Nikiwa uwanjani sipendi kuliruka jaribio hili hata siku moja, maana risasi nyingi zinazogoma asubuhi hugoma kwa sababu ya tone la mafuta ya jana.

Simamisha bunduki kitako kikiwa chini, mdomo ukielekea mbali na uso wako, nyundo imeshushwa kwenye kifa kisicho na fataki. Mimina baruti kutoka kwenye pembe au chupa yake hadi kwenye kipimo, funga pembe na uiweke kando, ndipo umimine kutoka kwenye kipimo hadi mtutuni. Kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe, kwa kuwa cheche moja iliyobaki chini baada ya risasi iliyotangulia ikikutana na baruti ya kipimo kimoja itakuunguza vidole, lakini ikipanda hadi kwenye pembe iliyojaa utakuwa umeshika bomu mkononi. Kwa mtutu wa nusu inchi, kipimo cha greni 50, yaani gramu 3 na kitu, kinatosha kabisa kwa mwanafunzi; kiwango cha juu ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji, nacho hakivukwi.

Gonga mtutu kidogo kwa kiganja ili baruti itulie. Tandika mdomoni kiraka cha pamba kilichopakwa shahamu au nta iliyolainishwa kwa mafuta ya zeituni. Kisiwe cha nailoni, kwa kuwa nailoni huyeyuka. Weka juu yake goroli ya risasi, ambayo kwa bunduki yako kwa kawaida ni ya inchi 0.490, nyembamba kidogo kuliko mtutu, ili kiraka kijaze nafasi iliyobaki na kuishika mifereji. Isukume iingie, halafu ishushe kwa mdeki ukiushika karibu na mdomo wa mtutu, shibiri moja kwa wakati. Anayeushika juu kabisa na kusukuma kwa nguvu zote siku moja mti humkatikia, na ncha iliyochanika humtoboa kiganja.

Hapa ndipo ninapoomba usikilize kuliko pengine pote. Goroli lazima ikae juu ya baruti, pasiwe na nafasi kati yake, kwa sababu ikiachwa njiani mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo chora alama mbili kwenye mdeki wako, moja ikionyesha unapofika mtutu ukiwa mtupu na nyingine unapofika ukiwa umeshindiliwa kwa kipimo chako, na kila mara tazama alama ya pili imefika mdomoni. Usipigepige goroli ikishafika. Mkandamizo ulio sawa kila mara unatosha. Kisha utoe mdeki. Nalitamka kwa makusudi, kwa sababu kila uwanja una hadithi ya mdeki uliorushwa kwenye shabaha kama mkuki. Fataki huvikwa mwisho kabisa, ukiwa umesimama mahali pa kupigia na mdomo ukielekea kwenye shabaha.

Unapofyatua usishushe bunduki mara moja. Moto wa gobore hukawia kuliko wa bunduki ya kisasa, na moshi hukuziba macho, kwa hiyo endelea kulenga hadi wingu lipite. Halafu pangusa mtutu kwa kitambaa chenye unyevunyevu, ambacho wakongwe hulowesha kwa mate tu, ufuatishe kikavu, na ndipo ushindilie tena. Hatua chache mbele yako utakiokota kiraka ulichopigia. Kikiwa kizima na chenye alama ya msalaba iliyofifia kutokana na mikunjo, mambo ni mazuri. Kikiwa kimeungua katikati au kimechanika, tafuta kitambaa kizito zaidi kabla ya kuyalaumu macho yako.

SWALI: Nilishindilia goroli nikasahau baruti. Wenzangu walicheka, mmoja akashauri nitie baruti juu yake. Niliondoka uwanjani nayo ikiwa bado imo. Niitoeje? — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Hakuna aliyeshinda klabuni bila kulifanya kosa hili, na waliocheka wamelifanya. Ushauri wa baruti ya juu utupilie mbali.

Iko skrubu maalumu inayofungwa kwenye mdeki na kung'ata goroli ili uivute, na kwa kuwa kudhani umesahau baruti si sawa na kuwa na hakika kwamba haimo, mimina kwanza maji kupitia tundu la kifa na mdomo, uache muda, ndipo uvute, ukiwa umesimama pembeni mwa mdomo. Njia nyingine, inayofanyiwa uwanjani pekee, ni kufungua kifa, kupenyeza punje chache za baruti ndani, kukirudisha, kuhakikisha kwa mdeki kwamba goroli imekaa chini kabisa, na kuipiga kuelekea kwenye shabaha. Siku fataki ikilia na bunduki isilie ilhali baruti imo, usiigeuze wala kuchungulia; ishike ikielekea kwenye shabaha kwa dakika moja au mbili, kwa maana moto unaweza kuwa bado unatambaa.

SWALI: Kwa nini nisitumie baruti ya kisasa, ambayo haichafui? — Msomaji huyohuyo

JIBU: Kwa sababu itakuua. Mkandamizo wake katika mtutu ulioundwa kwa baruti nyeusi unaweza kuupasua kwa risasi moja, hata kwa kipimo kidogo. Vibadala vilivyotengenezwa kwa ajili ya magobore, kama Pyrodex, vinaruhusiwa pale mtengenezaji wa bunduki anapovitaja, lakini navyo hulisha kutu na huoshwa vilevile. Kwa bunduki ya gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, vina shida ya kushika moto, hivyo huko baki na baruti nyeusi yenyewe.

SWALI: Marehemu babu yetu aliacha gobore ambalo limetundikwa ukutani tangu tukiwa watoto. Tunataka kulisafisha ili tulihifadhi kwa kumbukumbu. Tena, kwa nini wazee walikuwa na magobore tu, wakati Wazungu walikuwa na bunduki bora? — Msomaji, Tabora

JIBU: Nianze na la pili. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa na zenye mifereji zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa zile za gumegume zisizo na mifereji na kwa baruti ya biashara. Bunduki za mrao (za kuwashwa kwa utambi), za gumegume na za fataki zilikuwa zimeshaenea kwa misafara muda mrefu kabla ya hapo, na ndiyo maana lugha yetu ina maneno kama mdeki, kifa na kasiba (yaani mtutu), ambayo vijana wengi wanadhani ni ya mashairi.

Kuhusu kusafisha, msilishike bado. Gobore la ukutani mara nyingi lilitundikwa likiwa limeshindiliwa, kwa kuwa mwenyewe alitaka liwe tayari usiku chui akija bandani, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Msilikaribishe jikoni, msilipulizie kwa mdomo, wala msijaribu kulifyatua ili kuona kama linafanya kazi. Tena, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha haikai nyumbani bila kibali, hata iwe ya marehemu. Mmoja wenu aende kituo cha polisi bila silaha mkononi, aeleze, na aombe mtaalamu aje alikague: atapima kwa ufito urefu wa ndani ya mtutu, aulinganishe na wa nje hadi kwenye kifa, na tofauti ya upana wa vidole vitatu au vinne itamwambia kwamba kuna kitu. Likishathibitishwa kuwa tupu na mkapata ruhusa ya kulihifadhi, niandikieni tena, mkieleza kama mti wake umeliwa na wadudu.