Piano inayojicheza: gundi ya zamani au ya kisasa?

Swali: Fundi, ninakarabati piano ya miaka ya 1920, ile inayojicheza yenyewe kwa kufuata karatasi yenye matundu. Vitambaa vya mivukuto, ile midogo ya hewa inayopiga noti, vimekauka na kupasuka. Nirudishie kitambaa cha pamba chenye mpira na gundi ya ngozi ya wanyama kama ilivyotoka kiwandani, au nitumie kitambaa cha plastiki na gundi nyeupe ya mbao? Hii nyeupe haina harufu wala haihitaji kupashwa moto.

Jibu: Kitambaa kisikusumbue sana, maana hicho ni cha kuchakaa na kubadilishwa. Cha pamba chenye mpira kimeshajionyesha kwa miongo mingi. Ukitaka cha plastiki, kikunje mara nyingi mahali pamoja, kisha kiweke mdomoni uvute hewa. Kikipitisha, kiache. Kikiwa kigumu, kiache pia, kwa sababu mvukuto wa noti unaendeshwa na mfyonzo mdogo tu wa hewa, na noti za kurudiwa harakaharaka zitachelewa.

Kwenye gundi sitakubembeleza: tumia ya ngozi. Loweka punje kwenye maji baridi mpaka zivimbe, kisha weka chombo chake ndani ya maji ya moto, gundi ifike kama nyuzi joto 60. Usiichemshe, itapoteza nguvu. Harufu utaizoea.

Sababu ni fundi atakayekuja baada yako. Gundi ya ngozi hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo mvukuto unabanduka na mbao zake zikiwa nzima. Gundi nyeupe huzama kwenye mbao. Siku ya kufungua, mbao huchanika, na pale ilipokauka, gundi nyingine haishiki vizuri. Nimewahi kufungua piano iliyogundishwa hivyo, nikaishia kuchonga mbao mpya za mivukuto karibu yote. Ikiwa yako inacheza noti zote 88, hesabu mwenyewe: kila noti na mvukuto wake, kila mvukuto mbao mbili.

Vifuko vidogo vinavyosukuma vali, zile za kufungua na kufunga njia ya hewa, viache viwe vya ngozi nyembamba, laini.

Ya kisasa ninayoipokea bila ubishi ni mirija ya mpira ya kupitishia hewa. Ukikuta mirija ya risasi imetoa unga mweupe, usiipulize kwa mdomo wala usiisugue kwa msasa, unga huo ni sumu. Vaa glavu, itoe yote, na uandike namba kwenye kila tundu la mrija kabla hujaugusa mrija wa kwanza.